Bido nyuma ya mwenye chapati

Juzi mvua ilinishika Kasese, rafiki. Nikasimama kwa baraza ya duka, nafanya mafumbo kwa simu: watu wamepanga mustari, huyu iko nyuma ya ule, sasa maneno yenye umepewa inatosha kujua nani iko mbele, ao haitoshi? Hiyo sikusomea darasani. Nilijifunza kwa bomba ya maji ya Bwera, wakati nilikuwa mutoto.

Wakati ya jua kali, maji ilikuwa inatoka asubuhi tu. Mutu anaweka bido yake ya kuchotea maji kwa mustari, anaenda kulima ao kutwanga majani ya sombe, lakini kwanza anaaga mwenye alifika nyuma yake: "Uniangalilie." Ukienda bila kuaga, bido inasukumwa pembeni. Hata mwalimu alikuwa anaaga.

Asubuhi moja rafiki yangu, mutoto wa wakimbizi wa Beni, aligombana na mama muuza mafuta ya mawese. Kila mutu anasema ni yeye iko nyuma ya mwenye chapati, na mwenye chapati, ule anauzia ngambo ya barabara, amesharudi kwa jiko yake. Mama ya rafiki yangu alikuwa amejifungua usiku, kwao hata tone haiko. Na bomba ilianza kukohoa, maji iko karibu kukatika.

"We mutoto, rudi nyuma," mama wa mawese akasema. "Kwenu Kongo hamujui mustari?"

"Na wewe, mama, mawese imekuingia kwa macho?" nikamujibu. Watu wakacheka.

Mulinzi wa bomba akanionyesha fimbo. "Funga mudomo. Kelele haipangi bido."

Nikawaza: Hawa wawili wanasema neno moja. Hata ukiwauliza mpaka jioni, hautajua kitu. Nikavuka barabara mbio kwa mwenye chapati, mayai inalia kwa mafuta.

"Muzee, ulipotoka kwa bomba, uliaga nani?"

Hakuinua macho, lakini alipaza sauti, mulinzi mwenyewe akasikia: "Ule mutoto wa Beni. Sasa toka kwa moshi yangu."

Bido ya rafiki yangu ikajaa. Maji ikakatika wakati bido ya mama wa mawese imefika nusu. Hakututukana. Alijitwika nusu yake, akaenda.

Wale wakimbizi walirudi kwao. Siku hizi kila kiwanja iko na bomba yake, na pale tulikuwa tunapanga mustari wamejenga duka ya simu. Maji inatoka saa yenye unataka. Asubuhi unafunga mulango, unaenda, na hakuna mutu anajua kama umetoka.