Malkia Aliyelazwa Same

Harufu ya tangawizi mbichi ikinipata popote, hata sokoni huku mjini, narudi kwenye stoo ya baba kule mlimani Chome, nimekaa juu ya magunia ya tangawizi, nasubiri dada yangu Nakunda aniambie nimefika wapi.

Mchezo wetu huo Nakunda alifundishwa na mwalimu mwanafunzi aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwao. Mmoja anasimulia safari katika nchi ya majoka na wachawi, mwenzake anasema shujaa wake anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Msimulizi alikuwa Nakunda. Shujaa mimi, wa miaka tisa.

Majoka yalituchosha upesi, Nakunda akaanza kuchota visa kwingine. Mchezo wa upelelezi aliousikia redioni aliuingiza ndani ya kasri: taji limeibwa, nami nikawahoji wapishi badala ya kupigana. Kutoka riwaya za mapenzi alizosoma kwa kujificha likatokea jitu lenye aibu, linataka kuandikiwa barua ya posa. Nililalamika kwamba vita hakuna. Barua niliiandika.

Mwaka huo mama alilazwa hospitalini Same, mjini chini ya mlima. Wakubwa walisema tu, "Anaendelea vizuri," huku wakikwepa macho yetu. Alasiri moja Nakunda akasimulia: malkia anaumwa, yuko mji wa tambarare, na kesho mjumbe anashuka mlimani.

"Unampa ujumbe gani?"

Nilifikiri sana. "Amwambie sasa najua kupika makande. Yanaungua chini kidogo tu."

Akaandika kwenye karatasi, neno kwa neno. Nikamnyooshea dadu. "Haya, rusha. Malkia atapona?"

Nakunda, ambaye aliwahi kuiacha dadu imuue farasi wangu nikiwa nalia, aliifumbata mkononi. "Hili haturushii dadu."

"Dada, unacheza rafu!"

Alinivuta karibu, akaendelea kusimulia mpaka tukaitwa kula. Asubuhi baba alishuka kwenda Same na ile karatasi.

Mama alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, karatasi kaifunga kwenye pindo la khanga. Chakula cha kwanza alichoomba ni makande yangu, na ukoko akaula wote.

Kwa miaka kadhaa niliamini dada alivunja sheria ya mchezo kwa ajili yangu tu. Nilipofikisha kumi na minne, umri wake wa siku ile, nilishangaa jinsi ulivyo mdogo. Naye alikuwa mtoto anayemngoja mama, na hakuwa na mtu wa kumsimulia yeye hadithi.