Tovuti Iliyotangaza Vitabu Vimepotea

Niseme mapema kwamba sikusomea ukutubi. Nilisomea kompyuta, tena kozi fupi, nikarudi Bariadi na cheti, laptop yenye kibodi iliyong'oka herufi moja, na majivuno ya kutosha watu watatu. Baba ana duka la vitenge karibu na soko, na alikuwa ameshaanza kuniangalia kwa jicho la kunikabidhi mkasi. Niliposikia maktaba ya mjini inatafuta mtu wa kujitolea, nilikwenda siku hiyo hiyo, kabla hajanipa na futi.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja. Aliyekuwa akikitunza ni mama mmoja wa huku huku, mtu mzima, sauti ya chini, miwani imefungwa kamba ya kiatu. Siku yangu ya pili alinionyesha barua. Ofisi inayotumiliki ilikuwa inataka chumba kiwe stoo ya pampu za kunyunyizia pamba, kwa maelezo kwamba maktaba haina wasomaji na vitabu vyake havionekani. Mkaguzi angekuja baada ya miezi miwili. Akiona vitabu na wasomaji, tunabaki. Asipoona, anaondoka na funguo. Mama aliikunja barua taratibu, akaniuliza kama kompyuta yangu inaweza kutusaidia lolote.

Nikamwambia tunajenga tovuti. Nilisema hivyo kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa najua.

Nilichagua mfumo huria, ile programu ya bure ya kuendesha tovuti ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Nilimweleza mama kwamba ni kama kupewa kitenge bila kudaiwa: unakata na kushona upendavyo, lakini mshono ukienda upande ni shauri lako. Akasema ameelewa. Wiki ya kwanza nzima nikaimaliza kwenye rangi. Kijani kilikuwa cha hospitali, bluu ya shule, zambarau mama aliikataa bila kutoa sababu. Bando lilikuwa likiisha katikati ya kupakua, nami nalaumu mtandao, nalaumu seva, nalaumu hata mawingu. Mama akinisikia anasema, "Pole mwanangu," kisha anaendelea kuandika orodha ya vitabu kwa mkono wake, kwa herufi nzuri kuliko za kompyuta.

Tatizo lilijitokeza tulipoanza kuingiza orodha hiyo. Nusu ya vitabu haikuwamo chumbani. Daftari la kuazima lilionyesha kimoja kimekwenda Ngulyati, kingine Kalemela, kingine Mwamapalala, na vingine vilikuwa na mwaka wa pili au wa tatu huko. Plagini niliyoweka, kijiprogramu cha nyongeza cha kutunza orodha, ilijua hali tatu tu za kitabu: kipo, kimeazimwa, kimepotea. Mama alikuwa amekwenda msibani Ngulyati, siku tatu hayupo. Mimi, kwa akili yangu ya cheti, nikaamua kwamba kitabu chochote kilichopita mwaka mmoja nje kimepotea. Nikakiandika hivyo, kwa rangi nyekundu, na kijiji kilikokwenda mbele yake. Kisha nikasambaza kiungo cha tovuti kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyokuwamo, hadi la wakulima wa pamba, nikasubiri pongezi.

Pongezi hazikuja. Alikuja mwanamume mmoja kutoka Mwamapalala, juu ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa ameshatoka msibani. Yule baba alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," mama akaitikia, "Mwangaluka baba," wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, bila haraka. Nilidhani amekuja kusoma gazeti. Halafu akatoa foronya kwenye mfuko, na ndani ya foronya kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, kimevikwa jalada la karatasi ya saruji, hakina hata kona iliyokunjika. Akakiweka mezani mbele yangu.

"Mkwe wangu kanisomea kwenye simu kwamba Mwamapalala kimepotea kitabu," alisema. "Hesabu kurasa."

Nikajaribu kucheka. Hakucheka. Akanitajia kaya ambazo kitabu kile kilipita, moja baada ya nyingine, na nani alikitoa kwa nani, na ng'ombe wa nani alipona kwa ukurasa upi. Mtoto mmoja tu alikigusa kwa mikono michafu, akachapwa. Nilipomuuliza kwa nini basi hakukirudisha, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Hakuna aliyekuja kukidai, alisema, na kilikuwa bado kina kazi.

Alipoondoka, mama alinikalisha chini. Mimi ni mtoto wa mjini, ng'ombe nilimjua buchani, kwa hiyo alinieleza kama anavyoelezwa mgeni. Mtu mwenye ng'ombe wengi huku hawaweki wote kwenye zizi moja. Anawapeleka wengine kwa ndugu, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga hapa, pale wabaki. Anayewatunza anakunywa maziwa. Miaka inapita, ng'ombe wanabaki kuwa wa mwenyewe, na kila mtu anajua. Vitabu vyetu navyo vilikuwa vinatunzwa hivyo. Kumwambia mtu kama yule hadharani kwamba amepoteza mali ya watu aliyokabidhiwa, tena mbele ya mkwe wake, ni kumvua nguo.

Niliona aibu, na siyo ile ya kupita. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na laptop.

Uzuri wa mfumo huria ni kwamba huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Nilifungua ile plagini, nikaliondoa lile neno "kimepotea," nikaongeza sehemu mpya iitwayo "Kinakotunzwa." Kisha tukaanza kupiga simu. Mama ndiye aliyezungumza, kwa Kisukuma, akianza na salamu ndefu na kumalizia kwa kuniombea radhi, mimi nikiwa nimekaa pembeni nasikia jinsi ninavyoelezwa. Kila kitabu tulichokiulizia kilipatikana. Kimoja tu kilikuwa kimetafunwa na mbuzi, na mwenye mbuzi alikuwa amenakili kurasa zilizoliwa kutoka kwa mwenzake aliyezikumbuka. Kwenye tovuti, nafasi zilizokuwa nyekundu zikawa na majina ya vijiji tu.

Mkaguzi alikuja asubuhi, kijana nadhifu, Msukuma wa Itilima kwa lafudhi ingawa alijitahidi kuificha. Akatazama rafu zilizo nusu tupu, akaandika kitu. Nikamfungulia tovuti. Akachagua kitabu kimoja kilichoko Kalemela, akataka kuhakikisha. Tukapiga. Mama mmoja anayeanika dagaa akapokea, akamwambia kitabu anacho, amefika katikati, na kama huyo bwana anakitaka asubiri zamu yake kwa sababu kuna jirani ameshatangulia. Mkaguzi akacheka. Nikamkonyeza mama, nikijua tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda. Alifunga daftari lake akasema kazi ni nzuri sana, hajaona maktaba nyingine yenye tovuti kama hii. Ila tovuti imemsaidia kuona jambo. Kama vitabu viko vijijini na vinasomwa huko, chumba ni cha nini? Pampu zinanyeshewa mvua. Akanyoosha mkono kuomba funguo, kwa adabu kabisa.

Nilikuwa nimejenga kwa mikono yangu ushahidi wa kutufukuza.

Mama hakusimama. Alivua miwani, akaongea kwa ile sauti yake ya chini, safari hii bila Kiswahili cha ofisini.

"Baba, nyumbani kwenu saa sita mchana zizi lina nini?"

Mkaguzi akajibu, "Halina kitu, mayu. Ng'ombe wako malishoni."

"Baba yako aliwahi kulivunja?"

Kijana aliutazama mkono wake mwenyewe, ambao bado alikuwa ameunyoosha, akautia mfukoni. Akamshukuru, "Wabeja mayu," akafuta mstari mmoja kwenye daftari, akaandika mwingine, akatuonyesha tuusome kabla hajaondoka. Chumba kinabaki.

Nilimsindikiza mpaka barabarani nikirukaruka kama mwendawazimu. Niliporudi ndani nilikuwa na maneno mengi ya kujisifu, na machache ya kumsifu mama. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wasomaji, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa, mikono mapajani.

"Nimeogopa, mwanangu," alisema. "Tangu barua ile ifike sijawahi kumaliza sahani ya chakula."

Miezi miwili nilikaa naye meza moja, na sikuona. Nikamletea chai ya mama ntilie wa jirani. Mikono yake haikutulia kushika kikombe cha moto, kwa hiyo nilimshikia mimi mpaka akamaliza.