Chakula cha Wageni

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha mtaisikia kwa wengine na huko wameshaikuza: ndiyo, mimi ndiye yule mwanaume wa Kariakoo anayesemwa kuwa aliwalisha chakula cha samaki watu waliokuja kuposa. Hilo neno "aliwalisha" ndilo linalonikera mpaka leo. Mimi sikumlisha mtu. Mimi nilikuwa chini dukani kwangu nauza mabomba na masinki, nikapanda juu nikakuta watu wazima na akili zao wamekaa sebuleni wanakula mali ya samaki wangu, wanalamba vidole, halafu mwisho wa yote aliyetakiwa kuomba radhi akawa nani? Mimi.

Ngoja niwaeleze taratibu muone kama nina kosa.

Nyumbani kwangu, ghorofa ya juu ya duka, nina tangi la kioo lililochukua karibu ukuta mzima wa sebule. Ni la maji ya chumvi, maji ya baharini kabisa (watu hawaishi kuniuliza kwa nini nisitie ya bomba wakati nauza mabomba, na mimi siishi kunyamaza). Ndani mna samaki wa matumbawe, wale ambao wavuvi wa Feri wanawaita vitatange wote kwa mkupuo, ila mimi nawatenganisha. Wapo ninaowaita malaika, wapana, wa bluu na mistari ya manjano, wanatembea kwa madaha utafikiri bibi harusi anaingia ukumbini. Na wapo vipepeo, wadogo, bapa kama sahani ya chai, na kimdomo kimechongoka kama kile kibanio cha kung'olea nyusi.

Sasa asikudanganye mtu kwamba kuwafuga hawa ni kazi ya kurusha makombo ya mkate. Malaika huko kwao baharini anakula mwani na sifongo, yaani ile sifongo hai inayoota kwenye miamba. Kipepeo anadonoadonoa matumbawe kutwa nzima, hana tumbo la kula mara moja akapumzika, na ukimpa kitu asichokijua anakitazama kama umemtukana, anageuka, anakonda mpaka mgongo unakuwa wembe, anakufa huku unamwangalia. Kwa hiyo chakula chao nakitengeneza mwenyewe. Nakwenda Feri alfajiri nachagua kamba, ngisi na kome, nachanganya na mwani, natia kitunguu saumu na vipande vya sifongo ambavyo mzamiaji mmoja ananiletea, nasaga, natandaza kwenye mifuko ya nailoni iwe myembamba kama chapati, nagandisha. Ikifika saa ya kula navunja kipande, nakipaka kwenye jiwe, nalizamisha. Wanadonoa kama wako kwao.

Wakati mkasa huu unatokea nilikuwa nimepata vipepeo wawili wapya, na kama kawaida yangu samaki wapya nawaita wageni. Wageni hawa walikuwa wamegoma kula. Nimewabembeleza weee, nimepiga magoti mbele ya kioo (mke wangu, Mama Nasra, anasema hajawahi kuniona nikimpigia yeye), mpaka hatimaye wakaanza kudonoa ule mchanganyiko kwenye jiwe. Ndipo nikasaga mwingi, nikajaza droo nzima ya friza, roho ikatulia.

Hapo ndipo akaja mama mkwe wangu kutoka Lindi. Alikuja kwa jambo la heri: mdogo wake Mama Nasra, Salma, ambaye tunaishi naye, alikuwa amepata mchumba na watu wa mchumba walikuwa wanaleta posa. Mama huyu namheshimu sana, na ni mtu wa kazi, hawezi kukaa bila kushika kitu. Jioni ile aliyofika tulikuwa tumepika maharage. Akafungua friza aweke samaki wake wakavu, akaiona ile mifuko, akaniuliza, "Baba Nasra, na hivi ni nini?"

Jamani, jiwekeni kwenye nafasi yangu. Umemkaribisha mama mkwe kwa maharage, yeye kasafiri kutwa nzima, halafu umwambie kwamba kamba na ngisi ni wa samaki wa mapambo? Mdomo ukanishinda. Nikasema, "Ni chakula cha wageni, Mama."

Si uongo. Wageni si walikuwa wawili pale kwenye kioo, mmoja kajificha nyuma ya jiwe? Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nyumba yenye akiba ya wageni ni nyumba ya watu wanaojielewa. Nikaona nimepita salama.

Siku ya posa ikafika. Mipango ilikuwa dada mmoja wa mtaani atuletee sambusa, lakini kulipokaribia Adhuhuri akampigia Mama Nasra simu kwamba mtoto wake anaumwa. Mama Nasra na Salma walikuwa kwa fundi wanachukua nguo, mimi niko dukani. Wangenipigia mimi ningenunua chochote, Kariakoo hii kitu gani kinakosekana? Lakini walimpigia mama mkwe, naye akawaambia wasihangaike, chakula cha wageni si kipo. Na wao wakadhani amepika vya kwake vya Lindi. Unaona namna watu wengi walivyoshirikiana kuniangamiza bila kukutana.

Wageni wa posa walikuja wengi, ila wenye sauti walikuwa wawili: Mzee Kondo, baba mdogo wa kijana, na Bi Tatu, shangazi yake. Ni familia ya siku nyingi ya hapa Msimbazi, watu wa pwani wanaojua chakula. Nilipanda juu nikiwa nimevaa kanzu, nikawaamkia, nikakuta sinia za katlesi zimezunguka, za moto, zimekolea rangi. Nikala moja. Nikala ya pili. Sifichi, zilikuwa tamu, nikawaza mama mkwe huyu ana mkono (mjinga mimi, nilimsifia hadharani). Bi Tatu akasema tangu azaliwe hajala katlesi yenye ladha ya bahari namna ile. Mzee Kondo alikuwa anatafuna kitu kwa muda mrefu, akasema humu ndani mna vinyama vitamu vya kutafunika, kama firigisi. Sikustuka. Ningestukaje?

Mazungumzo yakaenda vizuri, barua ikapokelewa, watu wakaanza kutaniana. Mzee Kondo akasogea kwenye tangi, akavutiwa, akaniuliza majina yao, nikamweleza huyu nani na yule nani, kifua kimenijaa. Akaniomba awaone wakila. Nani atakataa ombi kama hilo? Nikaenda jikoni mbio mbio, nikavuta droo.

Tupu. Kimebaki kipande kimoja tu kilichoganda pembeni kwenye barafu. Nikageuza shingo nikaiona mifuko yangu yote ya nailoni imeoshwa vizuri na kuanikwa dirishani.

Hapo mtu mwenye busara angevuta pumzi. Mimi niliwaza kitu kimoja tu, wale vipepeo wawili waliokaa na njaa hadi macho yakawatoka, ndiyo kwanza wameanza kula, na sasa chakula chao kiko kwenye matumbo ya ukoo mzima. Nikarudi sebuleni na mfuko mtupu mkononi, unadondosha maji kwenye zulia, nikasema mbele ya watu wote, "Jamani, mmekula chakula cha samaki wangu. Sasa wao watakula nini?"

Mama mkwe akakaa chini taratibu. Mzee Kondo akatoa alichokuwa anakitafuna, akakiangalia kwenye kiganja, akauliza kwa upole ni nini. Na mimi, kwa vile nilikuwa na hasira na kwa vile nimelelewa nisiseme uongo nikiulizwa na mzee, nikamjibu kwamba ni sifongo.

Basi ikawa vurugu. Mmoja akakimbilia chooni. Mwingine anauliza hospitali ya karibu ni ipi. Nikajaribu kuwaeleza kwamba humo hamna kitu kibaya, ni kamba haohao wanaonunua Feri, ngisi haohao, nimewachagua kwa mkono wangu kuliko wanavyochagua wao, na hata hiyo sifongo imetoka bahari ileile. Hakuna aliyesikiliza. Bi Tatu alikuwa amesimama, mtandio ameukaza, akasema anaijua michezo hii, watu wanasaga vitu visivyojulikana wanawalisha upande wa mwanaume ili kijana alainike na ukoo wake usiwe na kauli. Kwa maneno mengine, tumewapa limbwata. Salma akaangua kilio chumbani.

Mzee Kondo, ambaye mpaka hapo nilimwona mtu wa haki, akatoa wazo lililoonekana la amani kabisa. Akachukua katlesi iliyobaki kwenye sinia, akanipa, akasema, "Kama kweli ni chakula cha samaki, wape wale tuwaone."

Nikakataa.

Nilikataa kwa sababu yeyote anayefuga samaki angekataa! Ile katlesi ilikuwa na viazi, mayai, pilipili, imezama kwenye mafuta. Ukiitia kwenye tangi mafuta yanatanda juu, maji yanachafuka, na samaki wa miamba hawavumilii uchafu. Nikawaambia wazi, "Siwezi kuwapa hii, watakufa."

Hata mimi nilijisikia wakati neno linatoka, lakini lilikuwa limeshatoka. Bi Tatu akawageukia wenzake, wala hakupaza sauti. "Mmesikia wenyewe. Samaki wake anawaonea huruma, sisi tumekula."

Nikakumbuka kile kipande kwenye barafu. Nikakifuata, nikakipaka kwenye jiwe, nikakunja mkono wa kanzu, nikalizamisha, nikawaambia njooni mshuhudie. Wakaja wote. Wakabanana kwenye kioo, pua zimegusa, simu zimewashwa taa, mmoja anagonga kwa kucha kuwaita. Sasa wewe ungekuwa kipepeo ungetoka? Samaki wote walitoweka nyuma ya mawe. Hata yule malaika wangu mkubwa, mlafi asiye na aibu, anayekula kwenye vidole vyangu kila siku, aliingiza kichwa pangoni akaacha mkia nje. Kile chakula kikabaki kwenye jiwe peke yake, na watu wanakitazama.

"Wamekikimbia," akasema Bi Tatu.

Wakaondoka. Barua yao wakaichukua. Na walipofika chini tu habari ikatangulia mbele yao, nilipofungua duka kesho yake jirani yangu muuza swichi akanisalimia kwa kuniuliza kama chai ya leo ni ya watu au ya pweza. Mteja mmoja kaja kununua sinki, nimemkaribisha maji ya chupa, akaigeuza chupa akaikagua kitako.

Kilichoniuma zaidi ni ndani ya nyumba. Mama mkwe alijifungia chumbani, akasema yeye aliambiwa ni cha wageni, akapika cha wageni. Salma hanisemeshi. Mama Nasra, mke wangu mwenyewe, ananiambia, "Si ungenyamaza tu ukaenda Feri kununua kingine?" Sawa, ningenyamaza. Lakini naomba mtu mmoja, mmoja tu, aniambie ni nani katika watu wote wale aliyeuliza vipepeo walikula nini siku ile. (Walikula kilekile kipande cha jiweni, watu walipokwisha kuondoka, wakakimaliza. Nimekirekodi kwa simu. Nimemwonyesha kila mtu. Hakuna aliyetaka kuangalia mpaka mwisho.)

Kijana mwenyewe, Idrisa, ndiye aliyeokoa jahazi, maana aliwaambia wakubwa zake kwamba yeye hakula katlesi hata moja na bado anamtaka Salma. Ikaamuliwa niende Msimbazi kuomba radhi. Nikaenda na mshenga, nikakaa kwenye mkeka, nikaomba radhi kwa kuliwa chakula changu. Wakanisamehe. Ila Mzee Kondo akaweka sharti, kwamba ili mioyo ya watu itulie, tukikutana kwenye chakula mimi nitangulie kuonja mbele ya wote. Nilidhani ni utani wa siku moja.

Haukuwa. Salma na Idrisa wameoana, wana mtoto, na mpaka leo kwenye shughuli yoyote ya ukoo ule hakuna anayegusa sahani kabla sijameza. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nasimamishwa mbele ya sinia naonja huku watoto wanahesabu kama nitaanguka. Iwe harusi, iwe akika, iwe msiba. Basi nimeapa, na nyie mnishuhudie, mtu akiniuliza kitu ni cha nani nitamjibu ni cha nani, hata kama aliyeuliza ni mama mkwe, na hata kama mezani pamewekwa maharage.

Idi iliyopita wamenisimamisha tena, nikapewa kijiko cha pilau. Mchele ulikuwa mbichi katikati, unakatika kwenye meno kama kokoto. Sebule nzima inanitazama, Bi Tatu mbele kabisa. Nikatafuna, nikameza, nikajifuta mdomo taratibu, nikawaambia pilau imeiva vizuri sana, karibuni.