Winchi: Mzigo ulimwangusha, mzigo ukamwinua

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye fulana ya bluu anatanua miguu na kuinamisha kichwa. Wenzake wawili wanamtwika karai la zege. Anavuta pumzi, anageuka, anaanza kupanda ngazi za mbao kuelekea ghorofa ya nne.

"Njia jamani!" anapaza sauti. "Winchi anapita!"

Ndivyo wanavyomwita hapa kwenye ujenzi, kwa jina la mashine ya kupandishia mizigo ghorofani. Ana miaka arobaini na tatu, ni mama wa watoto watatu, na kazi ya saidia fundi ameifanya kwa miaka kumi na minne. Karai likijaa lina kilo ishirini na kitu. Kwa siku hupanda nalo mara hamsini, wakati mwingine sitini.

Anayemwona leo haamini kwamba mwaka juzi alikuwa akitambaa kwenda msalani.

Yalianza na mapumziko. Jengo alilokuwa akifanyia kazi lilisimama miezi miwili, akakaa nyumbani. Kazi ilipofunguliwa alirudi kwa pupa.

"Nguvu nilikuwa nazo," anasema. "Siku ya kwanza nikabeba kama vile sikuwahi kuondoka. Siku ya tisa nikasikia kisigino kinachoma, kama mtu kanipigilia msumari."

Alimeza dawa za maumivu, akaendelea wiki tatu. Kisha asubuhi moja mguu ukakataa kukanyaga chini.

Mama mkwe wake, anayeishi naye, alitoa hukumu palepale: mguu mbovu haupewi kazi. Akavificha viatu vya mkwewe juu ya kabati. Kwa miezi mitatu Winchi alichuliwa, alikandwa kwa maji ya moto, alilazwa.

Akiwa kitandani, maumivu yalipungua. Akisimama yalirudi, na safari hii hata ndoo ya maji ilimshinda.

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema. "Nalala ili nipone, kumbe nazidi kuisha. Na kazi yetu ni ya kutwa. Usipoonekana, hulipwi."

Akajikongoja hadi hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mzee asiye na haraka, aliibonyeza kano nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Haijakatika, alisema. Imezidiwa.

Akamweleza kwamba nyama ya mguu hupata nguvu mapema, lakini kano hujijenga taratibu, kwa miezi. Ukiitwisha mzigo mzito ghafla inaumia; ukiilaza inadhoofika. Inachotaka ni kubebeshwa kwa kipimo.

"Akaniambia dawa yangu ni mzigo," Winchi anakumbuka. "Nikamwambia, daktari, si huo mzigo ndio ulionileta hapa?"

Alipewa zoezi la kufanya kila baada ya siku moja: asimame ukingoni mwa ngazi kwa vidole, ajiinue, kisha ajishushe polepole. Kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye mmoja, mwishowe na begi la mchanga mgongoni. Kuumia kidogo kuliruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi pawe pametulia. Pasipotulia, apunguze.

Mama mkwe alinuna siku mbili. Siku ya tatu akavuta kigoda mlangoni, akaanza kuhesabu.

"Ukishuka haraka, anakufutia hesabu," Winchi anasema akicheka. "Ananiambia, mwanangu, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma!"

Bibi huyo anakiri mwenyewe. "Nilidhani daktari anataka kuniulia mkwe. Siku aliponyanyuka kwa mguu mmoja na kilo kumi mgongoni, nilikwenda kumshushia viatu vyake."

Ilikuwa wiki ya kumi na nne. Winchi alirudi kazini na ombi lililomchekesha nyapara: abebe nusu karai.

"Nilimwambia hapa si wodini," nyapara anasema. "Akanijibu, basi nipe nusu ujira. Mtu anayejipunguzia mshahara mwenyewe, ukimfukuza utakuwa na roho gani?"

Kila wiki Winchi aliongeza mwiko mmoja wa zege. Ilimchukua miezi miwili kufikia karai zima, na kwa miezi hiyo nyumba yake ilikula mlo mmoja kwa siku. Tangu hapo, anasema, hajakosa kazi hata siku moja kwa sababu ya mguu.

Jumatatu ijayo wanaanza wanawake sita wapya, na nyapara amemkabidhi yeye. Kwa mara ya kwanza kwenye ujenzi huu, wageni wataanza na nusu karai kwa ujira kamili. Winchi alibishana naye wiki nzima kuhusu hilo neno "kamili".

"Watanuna, najua," anasema, akijifuta vumbi la saruji usoni. "Mtu mwenye shida ukimwambia abebe nusu, anaona unamdharau. Na wanune. Mimi nataka tukianza jengo lingine, wote sita niwakute."