Saa za Sala Ndani ya Ndege

Juzi nilichungulia ndege ndogo kule Mafia, nikaona mbele ya rubani kuna kioo kimoja tu cha kuonyesha vipimo vyote. Nikakumbuka ndege ya mnunuzi wa kamba, iliyokuwa ikitua kwenye majani nyuma ya kijiji chetu, Nyamisati, ikinuka petroli na kamba wabichi. Yenyewe ilikuwa na saa sita za mviringo. Nikiwa mtoto, nilijua ni kama zile za ukutani msikitini: tano za sala, moja ya Ijumaa.

Alasiri moja mama alikuwa na uchungu wa kujifungua, siku ya pili, akisubiri kupelekwa Dar kwa ndege hiyo. Fundi aling'oa saa ya pili ili afunge mpya, lakini mpya haikuingia. Akaziba tundu kwa kadibodi.

"Baba, wameitoa Adhuhuri," nilinong'ona.

"Msafiri huisali pamoja na Alasiri," alijibu bila kucheka. Nikatulia.

Jana nilimweleza baba kwamba saa ile iliyong'olewa ilikuwa ya kumwonyesha rubani kama ndege imelala upande akiwa ndani ya mawingu.

"Ningejua, nisingempandisha mama yako," alisema baba.

"Basi heri hukujua," alisema mama, akimpakulia wali mdogo wangu aliyezaliwa Dar jioni ile.