Nilivyoisahihisha Talaka Yangu kwa Kalamu ya Bluu

Nina aibu kulisimulia hili, na hasira bado ninayo, kwa hiyo nivumilieni nikipandisha sauti: mimi, mwanamke mzima niliyemaliza kidato cha nne, niliichezea hati yangu ya talaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliyeanza ni karani wa mahakama. Alikosea mwaka, ikasomeka kwamba nimeachika miaka miwili kabla ya kuolewa (fikirieni, unaachana na mume ambaye hujampata bado), nami nikaligundua kosa hilo nimeshafika nyumbani Nemba, nikaona kurudi mahakamani kwa tarakimu moja ni kujisumbua bure, basi nikachukua kalamu ya bluu ya mwanangu, nikaandika mwaka sahihi juu ya ule wino mweusi, nikakunja karatasi.

Baadaye akaja Deo, mgane wa Rulenge, mtu mpole, tukakubaliana kufunga ndoa bomani. Siku ya kupeleka taarifa ya ndoa tulikwenda na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu kwao shangazi asiposema ndiyo hakuna ndoa. Afisa aliipeleka hati yangu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza nani ameandika hapa. Nikajibu bila hata kupepesa macho, "Ni mimi. Nilimsaidia karani." Akasema hati iliyochezewa haitambuliki, kwa hiyo kwake mimi bado ni mke wa mtu.

Kumbe dada wa yule mume wa zamani yuko palepale kwenye benchi, anasubiri cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Alicheka mpaka foleni nzima ikageuka.

"Karibu nyumbani, wifi," akasema. "Kumbe bado uko kwetu."

Shangazi akafunga kitenge chake vizuri, akamwambia Deo kwamba mke wa mtu haposwi, wakatoka. Mimi nikabaki naambiwa nimeghushi, nikapewa barua niipeleke kwa hakimu.

Hakimu alifungua jalada, akanionyesha.

"Mama, ndoa yako niliivunja mimi, mbele yenu wote wawili, na uamuzi wangu ni huu hapa. Karani akikosea mwaka hakurudishi kwa mume. Ungeomba tu, tungesahihisha. Lakini hii bluu yako ingekufikisha jela."

Karani akatoa hati mpya. Pole hakusema. Alisema siku nyingine niwe makini. Mimi, niwe makini!

Nikaipeleka Rulenge, nikampigia shangazi magoti, shikamoo, nikamweleza yote. Akaisoma mara mbili.

"Talaka nimeiona, ni halali," akasema. "Ila anayeichezea karatasi ya mahakama, humu ndani atachezea nini?"

Deo alikuwa ameketi palepale. Mpaka leo hajanipigia simu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikuta kosa kwenye hati yako usitetemeke, talaka yako ipo, imo kwenye jalada. Irudishe kwa waliokosea, wasahihishe wao na kugonga muhuri wao, hata wakikununia. Mimi karatasi ya mahakama siku hizi hata vumbi siipangusi.