Nilimsikia Neno kwa Neno

Mimba yangu ya pili ilinilaza wodini siku tisa. Nilikuwa natokwa damu kidogo kidogo, nikaambiwa nisisimame. Wakati huo nilikuwa na duka la vitenge mjini Musoma, naishi Kamunyonge, na nilikuwa nimejizoeza kuongea kama mtu asiye na kwao. Butiama, nilikozaliwa, nilikwenda kwa misiba tu.

Siku ya nne asubuhi, kwenye kitanda cha jirani aliletwa binti wa miaka kama ishirini, uso umevimba hadi macho yamekuwa membamba. Mama mkwe wake alisukuma beseni chini ya kitanda, akatoka kutafuta uji. Nesi akaja na mashine ya presha. Alikuwa msichana mpole, mgeni mkoani.

"Presha iko juu, mama. Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Unaona vizuri? Huoni vitu kama nyota?"

"Ndiyo."

"Ndiyo, unaona vizuri?"

"Ndiyo."

Nesi akaandika, akampa vidonge, akasema daktari akitoka chumba cha upasuaji atampitia. Akaenda kwa wengine. Tulikuwa wengi.

Alipogeuka tu, yule binti akasema kwa Kizanaki, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba kichwa kinampasuka na ukutani anaona cheche kama mtu ananoa panga. Nilimsikia neno kwa neno. Hiyo ndiyo lugha niliyolelewa nayo na bibi yangu.

Kwenye kitanda cha mbele yangu alilala mwalimu ambaye tulikuwa tumepiga naye soga siku tatu zote. Alinikonyeza. "Hawa wa vijijini wanakujaga wamechelewa, halafu hata Kiswahili hawajui."

Nikacheka.

Baada ya kicheko kile ningefunguaje mdomo nitoe kilugha? Nikajiambia mama mkwe anarudi sasa hivi, atasema mwenyewe. Nikajiambia nesi amepima, anajua. Binti akasema tena, na safari hii akaongeza kwamba chini ya kifua panamchoma. Nikavuta kanga nikajifunika hadi kichwani.

Niliposikia kitanda chake kinagonga ukuta, nilijua. Mwili ulikuwa umekakamaa, unatikisika wote, na povu linamtoka mdomoni. Nikapiga kelele. Manesi wakaja mbio. "Kifafa cha mimba!" mmoja akasema, wakamchoma sindano. Fahamu zilipomrudia kidogo akaanza kupigana na mikono iliyomshika. Mimi niliyekatazwa kusimama nikashuka, nikamshika uso, nikamwambia kwa Kizanaki: tulia mdogo wangu, uko hospitali, hawa wanakusaidia. Akatulia.

Yule nesi akanigeukia. "Kumbe unajua lugha yake? Alikuwa anasema chochote?"

"Hapana," nikajibu.

Walimfanyia upasuaji. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa ameshafariki. Wangu alizaliwa salama miezi miwili baadaye, na wiki nyingi sikuweza kumnyonyesha bila kugeuza uso.

Mwaka jana nilikuwa nimepeleka vitenge sokoni Bunda, mkono ukanishika kwa nyuma. Nilimtambua kabla hajasema, ingawa uso haukuwa na uvimbe tena.

"Dada, ni wewe," alisema kwa lugha yetu. "Siku ile nilidhani nimekwisha kufa, nikasikia mtu wa nyumbani." Akamwita mumewe. "Huyu ndiye niliyekuwa nakuambia."

Mume alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mmepata mwingine?" nikauliza.

"Bado. Mimba zinatokaga. Wako yupo?"

"Yupo. Darasa la pili."

Alifurahi, alifurahi kweli, akanifungia karanga alizokuwa akiuza kwenye kipande cha kanga yake na kukataa nimlipe chochote. Nilitaka kumwambia. Maneno yote nilikuwa nayo, kwa Kizanaki, yamejaa mdomoni. Nikasema asante.

Tangu siku hiyo sijakwenda Bunda. Mzigo wa vitenge naupelekaga stendi, unapokelewa huko na mtu mwingine.